Usiku wa Nyota Irente, Lushoto: Darubini Nzuri, Ratiba ya Kurekebishwa

Nyumba moja ya wageni mjini Lushoto huwapandisha watu usiku hadi ukingoni mwa milima, karibu na Irente, kutazama nyota. Huduma hiyo inastahili safari ya kutoka Tanga mjini, mradi msafiri auchague usiku wake kwa uangalifu. Mahali penyewe hapana jengo lenye kuba; pana uwanja wa nyasi, darubini moja yenye kioo cha upana wa sentimita 20, na kijana mwongozaji anayeijua vyema anga ya kwetu. Anayeidharau darubini hiyo kwa udogo wake akumbuke kwamba hata Sutherland, Afrika Kusini, ilipo darubini ya SALT yenye kioo cha takriban mita 11, wageni wa usiku hutazama kwa darubini ndogo zilizotengwa kwa ajili yao. Kioo cha sentimita 20 hukusanya nuru takriban mara 800 zaidi ya mboni ya jicho iliyopanuka gizani.

Tulipanda mwezi Septemba 2025. Kabla ya jambo lolote, mwongozaji alituomba tuzime simu, kwa kuwa jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mwanga mweupe wa mara moja huiharibu kazi hiyo yote. Yeye mwenyewe alitumia tochi nyekundu. Subira hiyo ililipa. Alfa Centauri, ambayo kwa macho ni nyota moja iliyoinama kusini-magharibi, iligawanyika kuwa nyota mbili za manjano, na M22, kishada cha nyota nyingi zilizosongamana, kilicho umbali wa takriban miaka ya nuru 10,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), kilijaa chembe za nuru ambazo kila mmoja wetu alipewa muda wa kuzitazama bila kuharakishwa. Huo ndio ubora mkubwa wa huduma hii.

Sayari ya Zohali ilichomoza mashariki ikiwa na pete nyembamba kama uzi. Waliotarajia pete pana za kwenye picha walisikitika, hadi walipoelezwa kwamba Machi 2025 dunia ilipita katika usawa wa pete hizo, zikawa zinaonekana kwa ubavu tu, jambo linalotokea kila baada ya miaka 15 hivi, na kwamba zitaendelea kufunguka miaka ijayo. Mzee mmoja mkulima aliuliza habari za Kilimia, kile kikundi cha nyota: "Mwanangu, Kilimia kiko wapi?" Akajibiwa, "Bado, mzee wangu, subiri yapata saa tano." Kisha kijana akamwomba atueleze jinsi wakulima walivyokitumia, naye akatukumbusha kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilifurahi sana kuona elimu hiyo ikipewa nafasi kando ya darubini.

Kasoro kubwa ni ratiba. Ziara hufanyika kila Jumamosi bila kujali mbalamwezi, na jamaa zetu waliopanda wakati wa mbalamwezi kali, kwa ada ileile, walisimulia mwezi na Zohali tu, kwa sababu vishada na nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, humezwa na mwanga huo. Waandaaji wangeweza kabisa kuzipanga tarehe kwa kufuata mbalamwezi badala ya siku ya wiki. Pia dereva aliwasha taa kubwa za gari katikati ya utazamaji, na kiti kifupi kingewafaa wazee wanaolazimika kuinama darubini inapoelekezwa karibu na upeo.

Anayefuata kalenda ya Hijria ana mwongozo tayari: aepuke kuanzia tarehe 11 hadi 17, achague siku za mwisho wa mwezi au tatu nne za mwanzo, wakati mwezi mwandamo huzama mapema. Abebe koti zito, kwani Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na aulize habari za mawingu kabla ya kuondoka Mombo, mji ulio chini ya milima hiyo.