Mapango ya Amboni, Tanga: nilivyoingia na shangazi yangu

Barabara ya Tanga kwenda Horohoro nimeipita mara nyingi, na kila mara nilikuwa nasema ipo siku nitaingia Amboni. Siku yenyewe imefika mwezi uliopita, shangazi yangu alipokuja kutoka Muheza akasema hakuja jijini kukaa ndani. Ni kama kilomita 8 tu kutoka katikati ya Tanga. Tulipanda bajaji, ikaacha lami upande wa Kiomoni, mara tumefika.

Kwanza viatu. Jamaa mmoja mjini aliyetupangia usafiri alituambia malapa yanatosha. Hayatoshi kabisa! Chini kuna unyevu na miamba inateleza. Vaa raba, na nguo usiyoionea huruma.

Mapango yako 10, ila wageni wanatembezwa katika moja tu, tena pamoja na mwongozaji. Usijaribu kujiongoza mwenyewe. Hatua chache toka mlangoni giza linakuwa zito, joto linapanda, na harufu ya popo inakupokea. Kuna mahali unajikunja mpaka kidevu kinakaribia magoti. Hapo ndipo nilipomkubali kijana aliyetuongoza: tochi hakuielekeza usoni kwa shangazi hata mara moja, alimwangazia mguu kwa mguu. "Shangazi, pole pole, shika hapa, sasa leta mguu wa kushoto." Shangazi ana miaka 61 na goti linamsumbua, lakini alipita.

Mbele kidogo akatusimamisha chini ya jiwe lililoning'inia kama chuchu ya ng'ombe, ncha yake ina tone la maji. Tukalisubiri lidondoke. Akatueleza kwamba miamba hii ya chokaa ilikuwa chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua yakipita hewani na udongoni hubeba asidi kidogo, ndiyo inayolila jiwe, na kila tone likifika darini huacha chembe ya chokaa kabla ya kuanguka. Shangazi akanyoosha mkono, kijana akamzuia kwa adabu: mafuta ya kiganja yakishika pale, chokaa mpya haigandi vizuri. Kwa hiyo niliumia kweli kuona majina ya watu yamekwaruzwa ukutani, na mioyo na tarehe. Jiwe lililokua maelfu ya miaka, mtu analiharibu kwa msumari dakika mbili. Tafadhali, ukienda na vijana waambie mapema.

Sehemu ya mzimu iliniingia zaidi. Kuna chupa za marashi, sarafu, vipande vya vitambaa. Watu bado wanakuja kuomba, wengine wanaomba mtoto. Shangazi alijitanda khanga yake vizuri akanyamaza, nami simu nikairudisha mfukoni. Naona ndivyo inavyopasa, hata kama imani yako ni nyingine.

Simulizi utazipata nyingi: Osale Otango na Paulo Hamisi waliojificha humu miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni, na ile ya mbwa aliyepotelea ndani akaibukia Kilimanjaro. Ya mbwa ni tamu, ila wataalamu waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote lina kama mita 900.

Kabla ya kutoka, omba tochi zote zizimwe. Sisi tulizima. Nilifumba macho, nikafumbua, hakuna tofauti. Kilichosikika ni tone, na mbawa za popo juu yetu, na shangazi akisema Mungu ni mkubwa.

Mzunguko wote haukufika saa moja. Kwangu ni nyota tano, na zinamwendea yule kijana na tochi yake. Shangazi amesharudi Muheza, ameniagiza raba namba 39 kwa ajili ya safari ijayo.