National Debtline: piga hii simu kabla hujamfungulia beilifu mlango

Kama unaishi England au Wales na umepata barua ya mabeilifu, yaani madalali wa mahakama wa huku, piga National Debtline kwanza halafu mengine yafuate. Ni simu ya bure, ni shirika la hisani lililo chini ya Money Advice Trust, hawakuuzii kitu wala hawakati chochote kwenye deni lako. Naandika kwa Kiswahili maana nimeona watu wetu wanalipa hela ambazo hawakutakiwa kulipa, wengine wanakopa kwa ndugu usiku huohuo ili tu ile gari ya mabeilifu iondoke mbele ya nyumba majirani wasione, na hilo linaniuma sana.

Deni langu lilikuwa la kodi ya kaunsil, yaani ile kodi ya nyumba inayolipwa kwa halmashauri ya eneo, sio pango. Nafanya kazi ya kea, naenda majumbani kwa wazee, sasa shifti zikapungua, kodi ikalala, kaunsil wakaenda kortini wakapata amri na faili likapelekwa kampuni ya mabeilifu. Barua yao ya kwanza tu tayari ilikuwa imeongezwa pauni 75. Akija mtu mlangoni ilikuwa inapanda pauni 235 nyingine, na kama deni limezidi pauni 1,500 waliweka na asilimia 7.5 ya ile iliyozidi. Hivyo ndivyo viwango vilivyowekwa kisheria mwaka 2014, waulize vya sasa, ila kampuni haijipangii, kwa hiyo ukiona ada ambayo huielewi waambie wakuandikie ni ya nini na imetoka kwenye sheria ipi. Halafu kati ya ile barua na kugongewa mlango lazima zipite siku 7 kamili, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Hizo ndizo siku za kupiga simu jamani, sio za kuficha barua kwenye droo.

Aliyepokea simu yangu alikuwa dada mmoja mtaratibu, hakunisema hata kidogo. Aliniuliza deni ni la nini, barua ina tarehe gani, na je kuna mtu yeyote wa kampuni ameshaingia ndani ya nyumba. Hili la mwisho aliliuliza tena ili awe na uhakika, na aliponieleza nikaelewa kwa nini, maana karibu kila kitu kinategemea hapo.

Sisi kwetu mtu akipiga hodi anakaribishwa, tena akiwa amevaa kitambulisho shingoni na anaongea kwa adabu ndio kabisa unamvutia kiti. Kwa beilifu usifanye hivyo. Beilifu wa kodi ya kaunsil, wa deni la kadi ya benki au faini ya paking hana ruhusa ya kuvunja mlango wako anapokuja mara ya kwanza, anatakiwa aingie kwa amani kupitia mlangoni, maana yake ama umfungulie ama aukute haujafungwa. Dirishani haruhusiwi kupita, kukusukuma haruhusiwi, kuzuia mlango kwa mguu haruhusiwi. Anaruhusiwa kuja kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 3 usiku, na kama ndani kuna mtoto wa chini ya miaka 16 peke yake hatakiwi kuingia kabisa. Lakini akishaingia kwa amani, akaorodhesha vitu vyako na wewe ukasaini ile karatasi ya makubaliano kwamba vitu vinabaki kwako mradi unalipa, basi ukikosa kulipa anaweza kukupa notisi na kurudi kwa nguvu. Kwa hiyo mlango wa mbele funga, wa nyuma funga, na watoto waambie wasifungue.

Ila sikiliza vizuri hapa, hii haihusu madeni yote. Faini ya jinai uliyopigwa kortini ni habari nyingine, huko wanaweza kuingia kwa nguvu, na kodi za HMRC, yaani mamlaka ya mapato ya huku, vilevile korti ikiwaruhusu. Ndio maana swali la kwanza la National Debtline ni deni la nini, na wewe usichukue ushauri wa mtu wa kwenye grupu la WhatsApp ambaye deni lake sio kama lako.

Mimi yule beilifu alikuja, kampuni ilikuwa imekataa kiasi nilichowaambia naweza. Nikaongea naye kwa kupitia tundu la barua, simu inarekodi, nikamwambia naomba kitambulisho na cheti chako vipitishe hapo. Akasema atarudi na fundi wa kufuli. Nikamjibu kama nilivyofundishwa, kwamba hili ni deni la kodi ya kaunsil na hakuna mtu aliyewahi kuingia humu, naomba uondoke nitaandika kwa ofisi yako. Akasimama kidogo akajaza kikaratasi akaondoka. Jina lake nikalitafuta kwenye orodha ya serikali ya mabeilifu wenye cheti, iko wazi mtandaoni mtu yeyote anaangalia.

Kinachowaponza wengi ni gari, maana halihitaji mlango. Likiwa nje ya nyumba au barabarani wanalifunga mnyororo tairini na ada inaanza kukimbia. Vifaa vya kazi yako vinalindwa ila kwa jumla ya thamani ya pauni 1,350 tu, kwa hiyo ka Yaris kangu kachakavu ka kuendea kwa wazee kaliingia humo, nikaomba barua kwa bosi kwamba bila gari sifanyi kazi. Gari la thamani kubwa, kisa unaendea kazini, halijifichi hapo, paki mbali na nyumbani.

Ndani ya nyumba kitanda na matandiko, friji, jiko, mashine ya kufulia, meza na viti vya kuwatosha mnaoishi pale, hivyo hawachukui. Televisheni wanaweza. Vitu vya mtoto au vya mpangaji mwenzako sio vyako, tunza risiti.

Kuna jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui kabisa. Kwenye miongozo ya taifa ya mabeilifu ya mwaka 2014 kuna orodha ya watu wanaoweza kuhesabiwa kuwa katika hali dhaifu, humo wamo wazee, wagonjwa, wajawazito, mzazi anayelea peke yake, asiye na kazi, na pia mtu anayepata shida wazi kuelewa, kuongea au kusoma Kiingereza. Bibi yako aliyekuja juzi yumo. Na miongozo hiyohiyo inasema inapowezekana wawe na namna ya kupata mkalimani haraka. Ukiwaandikia mapema kwamba uko kwenye kundi hilo wanatakiwa wakupe nafasi ya kutafuta msaada kwanza, na wasipokupa hiyo nafasi ile pauni 235 inaweza kupingwa.

Jela nayo inatishiwa sana. Deni la kadi au la simu halikufungi. Kodi ya kaunsil kwa England korti bado inaweza kukufunga, ila huko ni mwisho kabisa na ni kwa aliyegoma kwa makusudi au kwa uzembe mkubwa, sio kwa aliyepungukiwa shifti.

Sasa kabla hujapiga jua hawa National Debtline hawakupigii simu kwa kampuni kwa niaba yako. Wanakufundisha, wanakutengenezea bajeti pamoja, wanakupa mifano ya barua ukajaze jina na namba yako, unatuma mwenyewe. Mimi nilipenda hivyo, na kampuni ilipoona bajeti imeandikwa vizuri mstari kwa mstari wakakubali kiasi cha kila mwezi ninachokiweza. Ila kama unataka mtu wa kukaa naye uso kwa uso, tafuta ofisi ya Citizens Advice mtaani kwako. Waulize pia kuhusu Breathing Space, ipo tangu Mei 2021, inasimamisha mabeilifu, riba na ada kwa siku 60 kwa madeni mengi pamoja na la kodi ya kaunsil, ila lazima uombewe na mshauri wa madeni, huwezi kujiombea. Walioko Scotland pia wanahudumiwa na simu hiyohiyo lakini sheria za kule ni tofauti, usibebe nilichoandika hapa ukakitumia Glasgow.

Nyota 5 nawapa bila kufikiria. Ukipiga uwe na ile barua mkononi, payslip na namba ya akaunti yako ya kaunsil, maana ndivyo wanavyoanza navyo.