Lupu ya Audacity baada ya mabadiliko: tathmini kwa wanaokata ngoma Mtwara

Studio ndogo ya Ligula au Chikongola inayorekodi kwaya, kaswida au kikundi cha sindimba haina haja ya kulipia programu ili ipate lupu safi, yaani kipande cha sauti kinachojirudia bila kukatika. Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ni ya bure na inaifanya kazi hiyo vizuri. Lakini anayehama kutoka toleo la 2.4.2 kwenda 3.1 ya mwaka 2021, au toleo lolote lililofuata, atababaika mwanzoni, maana namna ya kuzungusha sauti si ile tena.

Zamani ulichagua kipande, ukashika Shift na kubonyeza Play, kikazunguka. Ulichochagua ndicho kilichorudia. Sasa lupu ina eneo lake kwenye rula ya muda, ule mstari wa sekunde ulio juu ya traki, na kuchagua sauti ni jambo jingine kabisa. Herufi L huwasha na kuzima lupu. Buruta kipanya kwenye nusu ya juu ya rula kuchora eneo, kisha vuta kingo zake kulirefusha au kulifupisha, hata sauti ikiwa inacheza. Nusu ya chini ya rula ni ya kusikiliza haraka tu. Anayeburuta huko hupata sauti lakini lupu yake haisogei, akadhani programu imeharibika. Ukichagua kipande kingine, lupu haikufuati mpaka ubonyeze Shift na L. Shift, Alt na L huifuta.

Kwetu haya ni maendeleo makubwa. Unasimamisha sauti, unarekebisha pigo moja lililokaa vibaya, unabonyeza Space na kurudi kwenye lupu ileile bila kuchagua upya. Tangu 3.2 unaweza pia kurekebisha besi na trebo wakati lupu inazunguka. Hilo lina faida sana kwa ngoma za ngozi, ambazo besi yake hujaa kupita kiasi kwenye vyumba vyetu vidogo.

Kazi yenyewe iko kwenye urefu. Kwa tempo 100 (mapigo 100 kwa dakika) na mapigo manne kwa kila baa, pigo moja ni sekunde 0.6, baa ni 2.4, na baa nne ni 9.6 kamili. Mpiga ngoma hafuati saa. Baa zake nne zikitoka sekunde 9.8, gawanya 960 (mapigo 16 mara sekunde 60) kwa 9.8: tempo yake halisi ni karibu 98. Una njia mbili. Iweke tempo ya mradi iwe 97.96 na uiache ngoma kama ilivyopigwa, au, kuanzia toleo la 3.4, shika Alt na uvute ukingo wa klipu (kipande cha sauti kwenye traki) mpaka 9.6. Kuibana kwa asilimia mbili hakuumizi. Ukiibana sana, mwanzo wa kila pigo hulainika na ngoma hupoteza makali yake. Sisi tungechagua njia ya kwanza karibu kila mara. Mpigo ukiwa wa 6/8, badilisha alama ya mapigo kwanza, la sivyo mistari ya gridi itakukatia katikati ya pigo.

Ukisikia "tik" kila lupu inaporudi mwanzo, ujue wimbi limekatwa likiwa juu au chini ya mstari wa sifuri. Chagua kipande, bonyeza Z ili kingo zihamie kwenye sifuri, halafu Shift na L.

Wengi huharibikiwa wakati wa kutoa faili. Lupu ni ya kusikiliza tu, haitoki kwenye faili ikiwa imerudiwa. Ukitaka baa nne zirudi mara 16, tumia efekti ya Repeat na uandike 15, kwa sababu inahesabu nyongeza. Toa kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti. MP3 hupanga sauti kwa mafungu ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1152; sekunde 9.6 kwa sampuli 44,100 kila sekunde ni sampuli 423,360, yaani mafungu 367 na nusu. Ile nusu hujazwa ukimya, na enkoda, yaani kifaa cha programu kinachotengeneza MP3, huongeza ukimya mwingine mwanzoni, ndiyo maana lupu ya MP3 hujikwaa. Rekodi za simu za M4A nazo hazifunguki mpaka uweke FFmpeg, programu saidizi ya bure ya kusoma aina hizo za faili.

Upungufu tunaouona ni kwamba Audacity haina rekodi ya lupu inayopanga jaribio juu ya jaribio, kama inavyofanya Reaper, programu nyingine ya kurekodi. Mwimbaji anayetaka kurudia kiitikio mfululizo na kuchagua kilicho bora, huko ndiko kwake.

Kabla ya kusasisha, kubaliana na mwenzako unayebadilishana naye miradi: faili ya aup3, ambamo matoleo ya 3 huhifadhi mradi, haifunguki kwenye 2.4.2. Akikataa kuhama, mpe kila traki kama WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri.