Duka la kadi za besiboli Springfield, Illinois: nilifuata Brock, nikatoka na Broglio pia

Kama unakaa Springfield au huwa unapita barabara kuu ya I-55 kati ya Chicago na St. Louis na unakusanya kadi za besiboli za zamani, ingia hili duka. Kwa nje hulioni vizuri, ni mlango mmoja tu na dirisha lililojaa vumbi, ndani ni chumba chembamba watu watatu wakisimama kwenye kaunta wa nne anasubiri mlangoni. Lakini mi nimeshazunguka maduka ya kadi mengi na sijapata pengine ambapo mwenye duka anakueleza kadi unayonunua ina maana gani kabla hajakutajia bei.

Kitu cha kujua kwanza kuhusu huu mji ni kwamba uko katikati ya ugomvi. St. Louis ni kama maili 100 kusini, Chicago ni kama maili 200 kaskazini, kwa hiyo watu wa hapa wamegawanyika, huyu shabiki wa Cardinals ya St. Louis yule wa Cubs ya Chicago, nyumba moja baba hivi mtoto vile. Na duka lenyewe liko hivyo hivyo, ukuta wa kushoto mwekundu wa kulia bluu. Mwenye duka ni mzee wa Cardinals damu damu, halafu kuna mzee mwingine wa Cubs anakuja kila Jumamosi anakaa kwenye stuli karibu na mlango, hanunui sana ila yupo, na hao wawili wana miaka mingi wanabishana kuhusu dili moja tu la kubadilishana wachezaji, lile la tarehe 15 Juni 1964, Cubs walipomtoa Lou Brock kwenda Cardinals wakamchukua mrushaji Ernie Broglio.

Mi nilienda kwa sababu ya kadi ya Lou Brock ya kampuni ya Topps ya mwaka huo huo wa 1964. Nilikuwa nimeshanunua moja mtandaoni kwa muuzaji mwingine, picha zilikuwa nzuri, kona kali kama imetoka pakiti jana, nikaibeba nimwonyeshe mwenye duka aniambie thamani yake. Hakusema neno. Akafungua boksi la kadi za kawaida za mwaka ule ule, akachukua ya mchezaji ambaye hana jina kubwa, akailaza kwenye kaunta, akaweka yangu juu yake na kuzisawazisha kwa vidole viwili, kona na kona. Upande wa juu ulikaa sawa. Upande wa chini kadi ya kawaida ikachungulia, ukingo mwembamba mweupe kama uzi. Yani yangu ilikuwa imekatwa. Mtu kachukua kadi yenye kona zilizochakaa akainyoa ili zionekane kali, na mi nikalipia. Mzee hakunicheka wala hakujaribu kuinunua kwangu kwa bei ya kutupa, alinionyesha tu nijue siku nyingine nifanyeje, na huo ujuzi hakunitoza hata senti.

Basi akatoa ya kwake. Kona zimechakaa kweli, rangi imefifia kidogo, lakini ni nzima na haijaguswa na mkasi, dola 25. Nikasema naichukua. Hapo ndo yule mzee wa Cubs kwenye stuli akaongea kwa mara ya kwanza, akasema usimuuzie hiyo peke yake, mpe na Broglio.

Sikuelewa, kwa kweli jina la Ernie Broglio nililijua kama utani tu, maana kwa mashabiki wa besiboli ukisema Brock kwa Broglio umesema dili la hasara, kila mtu anaelewa. Mwenye duka akaitafuta kwenye boksi la wachezaji wa kawaida, akaiweka pembeni ya Brock. Dola 3.

Sasa zitazame hizo kadi mbili. Kadi za 1964 zina jina la timu juu kwa herufi kubwa. Ya Brock imeandikwa CUBS. Ya Broglio imeandikwa CARDINALS. Zilichapwa na kuuzwa kabla ya dili, watoto walizinunua na kuziweka mfukoni, halafu katikati ya Juni zote mbili zikawa zinasema uongo siku moja. Mi nilikuwa nasoma hiyo stori miaka yote lakini sijawahi kuihisi mpaka nilipoziona zimelala pamoja juu ya kioo cha kaunta.

Mzee wa Cubs akaniambia zigeuze. Nyuma ni rangi ya machungwa, takwimu, na chini kuna kile kisanduku cha swali ambacho ulikuwa unasugua na ukingo wa sarafu ndo jibu linatokea. Cha Broglio kilikuwa kimesuguliwa, mikwaruzo ya mtoto kabisa, imeanza taratibu halafu ikaenda kwa pupa. Akasema soma mwaka wa 63. Broglio: ameshinda mechi 18, amepoteza 8, wastani wa pointi anazofungwa 2.99 (kwa mrushaji ikiwa ndogo ndo nzuri). Brock: wastani wa kupiga .258, homurani 9, yani mipira aliyoipiga ikatoka nje ya uwanja. Akaniuliza, we ungekuwa meneja ungemchukua nani? Nikanyamaza, maana jibu lilikuwa wazi, Broglio.

Hili ndo linanifanya niandike yote haya. Watu wanaisimulia hii stori kama vile Cubs walikuwa wajinga, wamempa mtu dhahabu wakapokea mchanga, na ni stori tamu kwa watu wa St. Louis kwa sababu inawafanya waonekane walijua. Hakuna aliyejua. Broglio alikuwa na miaka 28, mwaka 1960 alishinda mechi 21. Cubs walikuwa wametoka kumaliza 1963 na ushindi 82 na vipigo 80, msimu wao wa kwanza kuwa juu ya nusu tangu 1946, wakaona kilichobaki ni mrushaji mmoja mzuri tu. Tena walikuwa wameshamchukua Larry Jackson kutoka Cardinals hao hao, na mwaka huo wa 1964 Jackson alishinda mechi 24. Brock upande wake alikuwa na mbio za ajabu lakini kwenye mechi 52 za mwanzo wa msimu huo alikuwa anapiga .251 tu. Hata wachezaji wenyewe wa Cardinals hawakufurahi walipoambiwa, Bob Gibson na Bill White walishasema baadaye kwamba waliona wamepunjwa. Mzee wa Cubs alikuwa na miaka tisa, anasema mtaani kwao watoto walishangilia kumpata Broglio, na mwenye duka, ambaye naye alikuwa mtoto upande wa pili, anakubali kwamba kwao walinuna. Hapo tu ndo hao wazee wanakubaliana.

Kilichofuata kinajulikana lakini ngoja nikiseme kwa sababu hapo kaunta kinasemwa vizuri sana. Kocha Johnny Keane akamwachia Brock akimbie anavyotaka. Mechi 103 na Cardinals, .348, akaiba besi 33, yani kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa. Timu iliyokuwa chini ya nusu siku ya dili ikapanda, Phillies waliokuwa wanaongoza kwa mechi sita na nusu zikiwa zimebaki 12 wakapoteza kumi mfululizo, Cardinals wakachukua ligi siku ya mwisho ya msimu halafu wakawafunga Yankees kwenye World Series, fainali ya ubingwa, kwa mechi saba. Na Bing Devine, meneja mkuu aliyefanya lile dili, alikuwa ameshafukuzwa kazi Agosti, miezi miwili kabla ya ubingwa. Mwenye duka hii sehemu huwa anaisema kwa sauti ya chini, inamuuma mpaka leo, na kadi moja anayoiweka kando ya mashine yake ya pesa haina thamani yoyote ila ina sahihi ya Devine na haiuzi.

Broglio kiwiko kilikuwa kinamsumbua, baada ya msimu akafanyiwa upasuaji. Chicago kwa misimu mitatu alishinda mechi 7 akapoteza 19, akaacha. Brock akaendelea mpaka 1979, hits 3,023 (mipigo iliyomfikisha kwenye besi), besi za kuiba 938, mwaka 1974 peke yake aliiba 118, na 1985 akaingia Hall of Fame, jumba la heshima la besiboli. Lakini hao wawili walikuja kuwa marafiki, na Broglio hakuwa mtu wa kukimbia hiyo stori, aliizungumzia kwa moyo mweupe mpaka alipofariki 2019. Brock akafuata 2020. Mzee wa Cubs ana msimamo kwamba mtu anayemtukana Broglio hajui mkono wenye maumivu unafanana vipi, na akishasema hivyo anashika kiwiko chake mwenyewe, sijui kama anajua kwamba anafanya hivyo.

Ubishi wenyewe ni mtamu jamani. Mwenye duka akizidi kujisifia, mzee wa stuli anamtupia jina moja tu: Carlton. Maana Februari 1972 Cardinals walimtoa mrushaji Steve Carlton kwa Phillies wakapewa Rick Wise, kisa ugomvi wa mshahara, na mwaka huo huo Carlton akashinda mechi 27 kwenye timu iliyoshinda 59 tu kwa jumla. Karibu nusu ya ushindi wa timu nzima, mkono mmoja. Halafu anaongeza dili ambazo Cubs ndo walifaidi, Sandberg aliyekuja na Bowa 1982 kwa DeJesús, anaongeza Arrieta aliyetoka Orioles 2013 pamoja na Strop, akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, 2015 na akashinda mechi mbili za World Series ya 2016. Kwenye hiyo ya 2016 sauti yake hubadilika, kwa sababu alisubiri ubingwa wa Cubs maisha yake yote.

Sasa huduma. Nilipofika nyumbani siku ile nikaitoa Broglio kwenye kava ya plastiki, nikakuta kona ya chini ina mkunjo ambao haukuonekana ndani ya kava. Dola 3 tu, ningeweza kuacha, lakini nilitaka zifanane hali. Jumamosi iliyofuata nikarudi nayo, nikamwambia mwenye duka hii ina mkunjo, akavaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga, akasema kweli sikuiona samahani sana. Akanipa nyingine bila kuniuliza risiti na hiyo yenye mkunjo akaikataa pia, akasema kaa nayo. Kwa hiyo nina Broglio wawili, na ile yenye mkunjo ndo ile iliyosuguliwa na sarafu, kwa hiyo naipenda zaidi kuliko ile nzima.

Mapungufu yapo na nayasema. Kadi nyingi hazina bei, lazima uulize moja moja, na kama kuna watu utasubiri sana kwa sababu kila kadi inakuja na stori yake. Mapakiti mapya ya msimu huu ni ghali kuliko maduka makubwa, hayo kanunue kwingine. Joto la Julai ndani humo ni shida, feni ni moja na imeelekezwa kwa mwenye duka. Na saa za kufungua haziaminiki, mara mbili nimefika nimekuta pamefungwa na hakuna karatasi mlangoni, mtu anayetoka mbali apige simu kwanza. Kadi zilizopimwa daraja na kufungwa kwenye plastiki ngumu ni chache, kama unatafuta uwekezaji hapa sio mahali pako.

Ila kama unataka kadi za miaka ya 50 mpaka 70, za watu waliozishika kweli, zimepangwa kwa mwaka kwenye maboksi marefu na unaruhusiwa kukaa hata saa mbili unapekua bila mtu kukukodolea macho, hapa ni nyota tano. Nenda Jumamosi asubuhi. Ukimkuta mzee wa stuli msalimie, muulize kuhusu Broglio, halafu usimkatishe.

Mi nimeacha namba yangu ya simu pale. Nasubiri Brock ya 1962, ile ya kwanza kabisa, namba 387, yenye ukingo unaofanana na mbao. Mwenye duka anasema ikiingia nitakuwa wa kwanza kujua, hata kama kona zake zimeisha zote.