Ripoti za CAG kwa sisi wa mbao na mashamba: nazipa nyota nne

Huku Mafinga ukimtajia mtu CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anakumbuka zile siku chache za Aprili redio zikisema mabilioni yamepigwa, afu basi, kimya mpaka mwaka mwingine. Mi nazisoma zenyewe, zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na kwa mtu anayeishi kwa mbao au shamba kiukweli ni huduma kubwa sana.

Usipakue zote, utamaliza bando. Ya Serikali Kuu ndo yenye wizara, maliasili na ardhi zimo, ya Serikali za Mitaa ina halmashauri zetu, na kuna za ukaguzi wa ufanisi, hizi ndo nazipenda zaidi mana haziishii kwenye hela, zinauliza kazi iliyokusudiwa imefanyika au la. Tangu 2012 waliwahi kukagua uvunaji wa misitu kwa staili hiyo. Sisi tuliozungukwa na Sao Hill, shamba kubwa la miti la serikali kuliko yote nchini, swali hilo ndo mkate wetu.

Kinachonivutia ni jinsi zinavyoandikwa. CAG anaongea mwenyewe, "Nilibaini", chini yake "Ninapendekeza", hakuna kuzunguka. Na ofisi iliyokaguliwa inatakiwa ijibu hoja kwa maandishi. Fikiria wilaya ya Mbarali kule Mbeya, Tangazo la Serikali namba 28 la 2008 liliingiza eneo la Usangu kwenye Hifadhi ya Ruaha, mgogoro wa mipaka na vijiji ukaenda miaka na miaka mpaka likaja lingine namba 754 la 2023. Mwanakijiji akiuliza bikoni ya mpaka iko wapi na fidia imelipwa kwa nani anaitwa mkorofi, mkaguzi akiuliza hayohayo lazima ajibiwe, hilo peke yake kwangu lina thamani kubwa.

Ila jamani tuelewane kwenye hati, sio hati ya kiwanja, ni maoni ya mkaguzi juu ya hesabu. Halmashauri ikipata hati safi watu wanapiga makofi utadhani ardhi yote imekaa sawa, wakati hati safi inahusu hesabu, kwamba zimeandaliwa inavyotakiwa, haisemi kiwanja chako hakijagawiwa watu wawili. Soma hoja zenyewe, usiishie kwenye hati.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ripoti nyingi za ufanisi, zile zenye maelezo kamili, ziko Kiingereza, na hizo ndo mkulima wa Rujewa na mvunaji wa Mufindi wanazihitaji kuliko mtu yeyote. Naumia sana na hili. Rais anakabidhiwa mwisho wa Machi, zinaenda bungeni, kamati za bunge za hesabu, PAC ya serikali kuu na LAAC ya serikali za mitaa, wanazichambua, yote hayo mazuri, lakini kijijini hazifiki.

Kama unaanza, fungua sehemu ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka ya nyuma, hapo utaona yapi yametekelezwa na yapi yamelala tu, kisha tafuta jina la halmashauri yako. Ukilipata kaprinti hizo kurasa mbili tatu stationery uende nazo mkutano wa kijiji, usisomee kwenye simu, mwenyekiti akishika karatasi yenye nembo ya taifa mkononi anakusikiliza tofauti kabisa.