Uzoefu wangu na matairi ya Sailun S637 kwenye tela la nyumba

Nimefunga Sailun S637, saizi ST235/80R16 (ST ni tairi maalumu la tela) daraja la mzigo G, yaani uwezo wa kubeba ulio juu ya E, kwenye tela la nyumba lenye ekseli mbili, aina inayoshikwa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu. Yaliyotoka yalikuwa daraja E, yaani yale yale yaliyokuja na tela kutoka kiwandani. Jibu fupi: ni matairi mazuri na ningeyanunua tena. Ila yana masharti matatu ambayo muuzaji mara nyingi hakutajii: rimu, valvu na kompresa. Ukiyafunga bila kuviangalia hivyo vitatu, umelipia uwezo usioweza kuutumia.

Kilichonitoa kwenye E ni hesabu. Tairi la saizi hii la daraja E, mfano Goodyear Endurance, linabeba pauni 3,420 (kama kilo 1,550) likijazwa PSI 80 (PSI ni kipimo cha upepo). Sasa chukua tela lenye uzito wa juu wa pauni 14,000. Pikapu ikibeba asilimia 20, zinabaki pauni 11,200 kwa matairi manne, sawa na 2,800 kila moja. Kwenye karatasi inatosha. Lakini jiko, friji na kile chumba cha kusukuma nje mara nyingi hukaa upande mmoja, na tangi la maji la galoni 60 likijaa linaongeza pauni 500 peke yake. Tairi la upande mzito linafika 3,100 bila wewe kujua. Hapo E limebakiwa na akiba ya asilimia 9 tu. S637 la daraja G linabeba pauni 4,080 kwa PSI 110, kwa hiyo kwa mzigo uleule lina akiba ya asilimia 24. Na kama pikapu yako imeinuka juu na tela linakwenda pua juu, ekseli ya nyuma inabeba zaidi ya ya mbele, kwa hiyo hata hiyo akiba ipungue kidogo kichwani mwako.

Usinunue tairi lolote kabla ya kupima uzito. Kwa walioko Marekani na Kanada, mizani ya CAT Scale iko kwenye vituo vingi vya malori. Nenda ukiwa umepakia kama unavyosafiri, pamoja na maji, gesi na chakula. Magurudumu ya mbele ya pikapu yakae kwenye bamba la kwanza, ya nyuma kwenye la pili, na ekseli zote za tela kwenye la tatu. Mizani hiyo haikupi uzito wa gurudumu moja moja, kwa hiyo upande mzito hautauona. Klabu ya Escapees ya Livingston, Texas, ina huduma ya SmartWeigh inayopima kila gurudumu peke yake, na kwa tela kubwa hiyo ndiyo karatasi ya kuwa nayo mkononi unapochagua daraja.

Wengi wanaamini matairi ya tela hufa kwa joto la barabara kuu. Joto lipo, hasa upepo ukiwa pungufu, lakini kuna adui mwingine wanayemsahau: kona kali za mwendo wa polepole. Tazama matairi siku unaporudisha tela nyuma kwenye eneo finyu la kambi. Ekseli mbili haziwezi kufuata duara moja, hivyo tairi la mbele linavutwa huku na la nyuma kule, ubavu unajikunja mpaka unadhani rimu itachomoka. Kila mara mkanda wa waya ndani ya tairi unasuguana na mpira unaoushika. Mwisho unaachia. Dalili yake haionekani kwa macho: pitisha kiganja juu ya kashata (meno ya tairi), zungusha gurudumu likiwa juu ya jeki, utahisi kinundu au sehemu iliyopanda kidogo. Tairi hilo limekwisha hata kama kashata zake ni mpya kabisa. Likipasuka njiani, vipande vya waya vinapasua madigadi, vinakata nyaya za breki, na kwenye baadhi ya matela vinagonga bomba la gesi.

S637 limejengwa kwa waya mtupu, mwilini na kwenye mkanda, kama tairi la lori. Endurance lina mwili wa poliesta na mkanda wa waya. Sisemi Endurance ni baya. Linatengenezwa Marekani, lina alama ya mwendo N (maili 87 kwa saa), na kwa tela la kati lenye akiba ya kutosha ningelichukua bila kusita. Kwa tela zito lenye kona nyingi, ubavu wa chuma unashinda. Wenye matela wengi huku bado wanayaita matairi ya bei poa yanayokuja kiwandani "mabomu ya China", na wakisikia Sailun ni ya Qingdao wanakunja uso. Angalia ujenzi na namba za ubavuni, siyo bendera.

Usidanganyike pia na tairi la pikapu. LT235/85R16 (LT ni tairi la pikapu na malori madogo) la daraja E linabeba pauni 3,042 kwa PSI 80, chini ya ST ya daraja hilohilo. ST limepewa mzigo mkubwa kwa sababu linahesabiwa mwendo mdogo. Lisilo na herufi ya mwendo ubavuni mwisho wake ni maili 65 kwa saa. L ni 75, M ni 81.

Tuje kwenye masharti. Nyuma ya rimu kuna namba zilizogongwa za uzito na za upepo wa juu kabisa. Rimu nyingi zilizokuja na matairi ya E zimeishia PSI 80. Ukilijaza G PSI 110 kwenye rimu hiyo unaomba ufa. Ukibaki 80 ili kuokoa rimu, uwezo unashuka karibu na ule wa E, ingawa ubavu mgumu bado unakusaidia kwenye kona. Uzito uliogongwa kwenye rimu nao ndio mpaka wako halisi: rimu ya pauni 3,500 haigeuki 4,080 kwa sababu tairi limebadilika.

Valvu ndogo ya mpira ya TR413 inaishia PSI 65. TR600HP inavumilia zaidi. Kwa PSI 110 ni valvu ya chuma inayofungwa kwa nati, hakuna mjadala. Duka nililokwenda lilitaka kurudisha za mpira, na ilibidi nisimame pale mpaka wabadilishe. Valvu ya chuma inahitajika pia kama unatumia sensa za upepo za kufunga juu, kwa sababu uzito wa sensa unatikisa shina la mpira mpaka linapasuka mzizini.

Upepo upime asubuhi kabla jua halijapiga upande mmoja na kabla ya kutembea. Kila nyuzi 10 za Farenhaiti zinabadilisha upepo kama asilimia 2, kwa hiyo tairi ulilojaza 100 kwenye baridi litaonyesha zaidi mchana wa kiangazi. Usilitoe upepo likiwa moto. Mimi natumia PSI 100, rimu zangu zikiruhusu, na sishuki chini ya namba iliyo kwenye kibandiko cha tela. Kompresa nyingi ndogo za volti 12 zinachoka kabla hazijafika huko, soma kiwango chake kwanza.

Kufunga: inua tela kwa jeki chini ya fremu karibu na ekseli, usiinue kwa kuweka jeki katikati ya bomba la ekseli, maana linapinda na tairi linaliwa upande mmoja. Likiwa bado limeshikwa na pikapu, weka kabari upande wa pili. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota kwa hatua tatu, na ya mwisho iwe kati ya futi-pauni 90 na 120 kwa stadi (boliti za gurudumu) za nusu inchi. Kitabu cha ekseli yako ndicho chenye neno la mwisho. Mashine ya upepo itumike kufungulia tu. Rudia kukaza baada ya maili 10, 25 na 50, hasa rimu za aluminiamu. Kabla ya kununua soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyo ubavuni mwa tairi: 2324 ni wiki ya 23 ya 2024. Likikaa ghalani mwaka mzima, omba lingine. Mimi nayatoa yakifika miaka sita hata kashata zikiwa bado ndefu.

Malalamiko yangu ni mawili. S637 ni zito kulinyanyua peke yako, na tela linarukaruka zaidi kwenye barabara mbovu, kiasi kwamba makabati yasiyo na kifungo yanafunguka. La tatu siyo la tairi: spea ya tela mara nyingi ni rimu ya chuma ya daraja la chini yenye valvu ya mpira, imening'inia chini ya tela imesahauliwa. Ukibadilisha manne, ibadilishe na hiyo. La sivyo siku ya pancha utafunga tairi dhaifu kuliko yote upande uleule mzito.