Siku tatu za kusimulia Injili ya Marko Nakivale: tathmini ya mshiriki

Kwa Waganda, neno okusoma lina maana ya kusoma kitabu na pia ya kwenda kusali. Ndiyo maana Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, na Biblia nzima ilikwisha kupatikana kwa Kiganda mwaka 1896. Urithi huo wa kitabu nauheshimu. Hata hivyo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, ambako Kiswahili kinachosikika sana ni kile cha Wakongomani, wapo waumini wazee ambao hawakupata kukaa darasani hata siku moja. Niliposikia kwamba kuna warsha ya siku tatu ya kujifunza Maandiko kwa kusimulia, kuigiza, kuchora na kuimba, nililipa shilingi 15,000, zikiwemo za chai na chakula cha mchana, nikahudhuria mwanzo hadi mwisho.

Kila kipindi kilihusu kisa kimoja tu. Mwezeshaji alikisimulia mara mbili bila kushika kitabu, tukasimuliana wawili wawili, kisha mmoja akasimama mbele ya wote huku wengine wakimsahihisha. Baada ya hayo yote ndipo Biblia ilipofunguliwa na kisa kikasomwa kwa sauti, ili tujue tumeongeza nini na tumeacha nini. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisifu kuliko zote, kwa kuwa nilikwenda nikiwa na wasiwasi kwamba kisa kikipita midomo thelathini kitatoka kingine. Kijana mmoja alisema kwamba aliyepooza, yule aliyeshushwa mbele ya Yesu kupitia paa, alibebwa na watu watano. Kabla mwezeshaji hajafungua kinywa, akina mama wa nyuma walikwisha kumjibu kwa pamoja kwamba walikuwa wanne.

Kisa hicho cha Marko 2 ndicho kilichokuwa kilele cha siku ya pili. Vijana wanne walimbeba mwenzao kwa kitenge kilichokunjwa mara mbili, wakazuiwa mlangoni na "makutano" ya watoto, wakazunguka ukumbi na kupanda juu ya mabenchi. Biblia yetu inasema kwamba waliitoboa dari, neno ambalo wengi walilisikia bila kuona chochote. Ila kwa watu waliowahi kulala chini ya turubai, tendo lenyewe la kutoboa paa la mwenzako halikuhitaji ufafanuzi. Mama mmoja wa makamo, ambaye siku ya kwanza hakusema neno, aliinua mkono na kuuliza: "Na ile nyumba ya batu (yaani ya watu), nani aliitengeneza?" Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza. Marko hasemi. Tulikaa na swali hilo karibu nusu saa, tukizungumzia mwenye nyumba, gharama, na jinsi msaada kwa mmoja unavyoweza kuwa hasara kwa mwingine, na katika miaka yangu yote ya kusikiliza mahubiri sijapata kusikia kifungu hicho kikichambuliwa kwa kina namna ile.

Kwa bahati mbaya, mwezeshaji wa siku ya tatu hakuwa na subira hiyo. Alisimulia vizuri habari ya Yairo na yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, lakini alipofika kwenye maswali ya kawaida ya njia hii, yaani kipi kimekupendeza, kipi kimekutatiza, tunajifunza nini juu ya Mungu na juu ya wanadamu, aliuliza na kujibu mwenyewe. Nusu ya washiriki waligeuka tena kuwa wasikilizaji. Sehemu ya nyimbo nayo ilikuwa dhaifu, kwani tulipewa mapambio tuliyokwisha kuyajua na kubadilishiwa maneno mawili matatu. Mtu aliyekulia katika Kiswahili hawezi kukosa kujiuliza kwa nini hatukujaribu utenzi, wenye mizani nane kwa kila mstari, ambao kwa karne nyingi umebeba visa virefu vya manabii katika vichwa vya watu.

Kuhusu kile kifaa cha kusikilizia Biblia kinachotumia nguvu za jua, kilichouzwa mlangoni kwa shilingi 90,000, nashauri msubiri. Changu kilikaa na chaji kwa wiki tatu za kwanza tu. Sasa kinazimika kabla sura moja haijaisha, na muziki uliowekwa chini ya sauti ya msomaji unafunika majina ya watu na miji. Aliyeniuzia hajapokea simu tangu wakati huo.

Warsha yenyewe naipendekeza kwa viongozi wa vikundi vya nyumbani, hasa siku mbili za kwanza. Ukumbi ni mdogo, kwa hiyo fika kabla ya saa tatu asubuhi, na ikiwezekana nenda na mtu asiyejua kusoma, kisha umwache asimulie yeye kwanza.